Miaka Saba ya Kalenda: Kisa cha Olivia de Havilland na Mkataba Uliokataa Kwisha

Mwezi Agosti 1943, mwigizaji wa filamu Olivia de Havilland, akiwa na umri wa miaka 27, alifungua shauri katika mahakama ya Kaunti ya Los Angeles dhidi ya Warner Bros., kampuni ya filamu iliyomwibua, iliyomlipa mshahara na iliyomfanya ajulikane dunia nzima. Hakudai fidia, hakudai nyongeza ya mshahara, wala hakulalamika kwamba malipo yake yameliwa. Aliiomba mahakama itamke jambo moja tu, nalo ni kwamba mkataba wake umekwisha. Nimekichagua kisa hiki kwa ajili ya wasomaji wa huku kwetu kusini, na hasa mabinti na vijana wanaoigiza katika vikundi vya Mtwara Mjini, Mikindani, Masasi na Lindi, kwa sababu jambo lililokuwa mbele ya mahakama ile ndilo ninaloliona leo katika karatasi wanazoletewa kutia saini. Mwigizaji anapoambiwa kwamba mkataba wake ni wa miaka mitano au saba, ni nani anayeihesabu hiyo miaka?

Olivia alizaliwa Tokyo, Japani, tarehe 1 Julai 1916, kwa wazazi Waingereza. Baba yake alikuwa mwanasheria, na mama yake aliwahi kuwa mwigizaji wa jukwaani. Mwaka 1919 mama aliwachukua Olivia na mdogo wake, Joan, akahamia nao California, na mabinti hao wakakulia katika mji mdogo wa Saratoga. Joan naye alikuja kuwa nyota wa filamu kwa jina la Joan Fontaine. Olivia mwenyewe alikusudia kuwa mwalimu wa Kiingereza na alikwisha kupata ufadhili wa masomo ya chuo, lakini mwaka 1934 mwongozaji mashuhuri kutoka Ulaya, Max Reinhardt, alipokuwa akiandaa tamthilia ya Shakespeare katika uwanja wa Hollywood Bowl, binti huyu wa miaka 18 aliwekwa kuwa mchezaji wa akiba wa mmoja wa wahusika wakuu. Waliomtangulia wakajitoa, naye akapanda jukwaani. Warner Bros. walikuwa wanataka kuigeuza tamthilia hiyo kuwa filamu, wakamchukua pamoja nayo, na kabla mwaka haujaisha alikuwa ametia saini mkataba wake wa kwanza kwa mshahara wa kuanzia wa dola 200 kwa wiki. Mwezi Aprili 1936, baada ya filamu zake za mwanzo kupendwa, alitia saini mkataba mpya wa miaka saba. Huo ndio mkataba ulioleta kesi.

Asiyejua jinsi kampuni za Hollywood zilivyofanya kazi miaka ile atashangaa kwa nini mtu mwenye mshahara mzuri alalamike, kwa hiyo ni lazima mpango wenyewe uelezwe kwa kirefu. Kampuni kubwa haikumwajiri mwigizaji kwa filamu moja moja kama tunavyofanya sisi. Ilimnunua kwa muda. Mkataba wa miaka saba ulimfunga mwigizaji kwa miaka yote saba, lakini haukuifunga kampuni kwa namna hiyohiyo, kwa kuwa kila baada ya kipindi fulani kampuni ilikuwa na hiari ya kuendelea naye au kumwacha, ilhali yeye hakuwa na hiari yoyote ya kuondoka. Kampuni ndiyo iliyopanga acheze filamu gani, lini na pamoja na nani. Iliweza pia kumwazima kwa kampuni nyingine kwa bei kubwa, ikaendelea kumlipa mshahara wake wa kawaida na kubaki na faida iliyopatikana katikati. Akikataa uhusika aliopangiwa, alisimamishwa bila malipo, na hapo ndipo palipokuwa na mtego mkubwa kuliko yote, kwa maana muda aliokaa nje bila malipo haukuhesabiwa kuwa sehemu ya mkataba wake, bali uliongezwa mwishoni. Mwigizaji aliyekataa filamu tatu au nne mbaya ndani ya miaka saba alijikuta miaka saba yake inaelekea kuwa minane, na kila alipokataa tena, mwisho ulizidi kusogea mbele.

Ndani ya mpango huo Olivia alifanya kazi nyingi iliyompa jina lakini isiyomlisha akili. Aliigiza filamu nane pamoja na Errol Flynn, nyingi zikiwa za mapanga na farasi, na katika hizo yeye alikuwa binti mrembo wa kuokolewa, mwenye maneno machache na machozi yaliyopangwa mahali pake. Alitaka wahusika wenye mgogoro ndani ya nafsi zao. Nafasi ya kwanza ya namna hiyo aliipata nje ya kampuni yake, pale mtayarishaji David O. Selznick alipomtaka aigize Melanie katika filamu ya Gone with the Wind ya mwaka 1939. Jack Warner, mkuu wa kampuni, alikataa kumwazima. Olivia hakugombana naye. Alimwalika mke wa Warner, Ann, wakanywa chai pamoja, akamweleza kwa utulivu kwa nini nafasi ile ina maana kwake, na mama yule akaenda kumshawishi mumewe mpaka akakubali. Kwangu hii ni sehemu ya kisa yenye uzito kuliko inavyodhaniwa, kwa sababu inaonyesha hali halisi ya mtu aliyefungwa na mkataba wa aina ile. Nafasi iliyoyabadilisha maisha yake ilipatikana kwa hisani ya mke wa bosi, maana mkataba haukumwachia haki yoyote ya kuidai.

Uhusika huo ulimfanya ateuliwe kuwania tuzo ya Oscar ya mwigizaji msaidizi. Aliyeshinda ni Hattie McDaniel, aliyeigiza katika filamu hiyohiyo, mtu mweusi wa kwanza kupata Oscar, ambaye usiku wa sherehe ya 1940 aliketishwa kwenye meza ya pembeni kwa sababu ya rangi yake. Namtaja kwa makusudi, maana tunapozungumzia minyororo ya mikataba ya Hollywood ni haki kukumbuka kwamba kulikuwa na waliofungwa kwa zaidi ya mkataba, ambao hata wakili hodari asingeweza kuwafungulia mlango kwa kifungu cha sheria.

Olivia aliporudi Warner Bros. alikuta yaleyale. Mwaka 1941 aliazimwa tena, safari hii kwa kampuni ya Paramount, akateuliwa kuwania Oscar ya mwigizaji mkuu wa kike, na tuzo ikaenda kwa mdogo wake Joan. Kila alipotoka nje ya kampuni yake alionekana ni mwigizaji wa daraja la kwanza, na kila aliporudi alikabidhiwa wasichana walewale wa kupamba picha. Akaanza kukataa. Akakataa mara kadhaa, akasimamishwa mara kadhaa, na mwaka 1943 miaka saba ya mkataba wake ilipotimia, akiamini sasa yuko huru, kampuni ilimjulisha kwamba bado anadaiwa takriban miezi sita, yaani jumla ya muda wote aliosimamishwa.

Wakati huo waigizaji wengi waliichukulia hesabu hiyo kama jua na mvua, jambo ambalo halina wa kulishtakia. Walikuwa na sababu ya kuogopa. Mwaka 1936 mwigizaji mwenzake katika kampuni hiyohiyo, Bette Davis, alichoshwa na filamu alizopangiwa, akaenda Uingereza kutaka kufanya kazi na watu wengine. Warner Bros. walimfuata kwa kesi katika mahakama ya London, wakashinda, na akazuiwa kuwafanyia kazi wengine. Akarudi California. Kama Bette Davis, aliyekuwa na jina kubwa na ulimi mkali, alishindwa, mwigizaji mwingine angetegemea nini?

Tofauti ilikuja na wakili Martin Gang. Hakushughulika na kuonyesha kwamba filamu alizopewa mteja wake zilikuwa mbaya, wala kwamba mabosi walikuwa wakali, hoja ambazo jaji yeyote angezijibu kwa kumwambia kwamba alitia saini akiwa na akili timamu. Gang alikwenda kwenye sheria za kazi za jimbo la California. Tangu 1872 jimbo hilo lilikuwa na kanuni kwamba mkataba wa mtu kumtumikia mwingine hauwezi kukaziwa dhidi ya mtumishi kupita muda fulani. Mwanzoni muda huo ulikuwa miaka miwili, mwaka 1919 ukaongezwa kuwa mitano, na mwaka 1931 ukawa saba. Baadaye kanuni hiyo ikaingizwa katika sheria ya kazi ya jimbo kama kifungu cha 2855. Nawaomba wanaosoma mikataba waiangalie vizuri historia hiyo. Kila sheria iliporekebishwa, muda uliongezwa kumfaa mwajiri, lakini ukomo wenyewe haukuondolewa. Gang aliushika ukomo huo.

Hoja za pande mbili zilikuwa rahisi kuelewa, na ndiyo maana kesi hii inafaa kufundishwa hata kwa asiye mwanasheria. Kampuni ilidai kwamba miaka saba inayosemwa na sheria ni miaka saba ya kazi iliyofanyika kweli, hivyo miezi ambayo mwigizaji alikaa nyumbani baada ya kukataa kazi haimo. Ilidai pia kwamba hata kama sheria inasema vinginevyo, Olivia mwenyewe alikubali kwa saini yake kwamba muda wa kusimamishwa utaongezwa, na mtu anaweza kuiacha haki yake akipenda. Upande wa Olivia ulijibu kwamba miaka saba ni miaka saba ya kalenda, inayoanza siku kazi ilipoanza na kwisha siku ileile baada ya miaka saba, iwe alifanya kazi kila siku au alikaa nje nusu ya muda, na kwamba kinga iliyowekwa na sheria kwa ajili ya wafanyakazi wote haiwezi kufutwa na mkono wa mfanyakazi mmoja aliyetia saini.

Mahakama ya kwanza ilimpa haki Olivia. Warner Bros. wakakata rufaa, na tarehe 8 Desemba 1944 Mahakama ya Rufaa ya California ikakubaliana naye katika hoja zote mbili. Mahakama ya juu kabisa ya jimbo ikakataa kulisikiliza shauri mwaka 1945, na mambo yakaishia hapo. Kwa maoni yangu hoja ya pili ndiyo roho ya hukumu hii, ingawa watu huisimulia zaidi ile ya kwanza. Kuhesabu miaka kwa kalenda kungekuwa ushindi mdogo kama kampuni ingeweza kumwandikia mwigizaji anayefuata sentensi moja tu inayosema kwamba anaiacha kinga hiyo kwa hiari yake. Mwigizaji mchanga, aliyetoka kwao akitafuta nafasi, angeikubali sentensi hiyo pasipo kusita, kama ambavyo Olivia alizikubali zote akiwa na miaka 19. Mahakama iliona kwamba ukomo umewekwa kwa manufaa ya umma, kwamba jamii yote inafaidika mtu anapoweza, baada ya muda unaojulikana, kupeleka kipaji chake mahali anapothaminiwa zaidi, na kwamba jambo la namna hiyo halifutwi kwa makubaliano ya watu wawili chumbani.

Ushindi huo ulikuwa na gharama, na anayesimulia kisa hiki bila kuitaja anawadanganya vijana. Mara tu shauri lilipofunguliwa, kampuni iliyaandikia makampuni mengine ya filamu kuyataarifu kwamba mwigizaji huyo bado ni wake. Milango ikafungwa. Kwa karibu miaka miwili, katika umri ambao mwigizaji wa kike wa wakati ule alihesabiwa kuwa kileleni, Olivia hakuingia studio. Ada za wakili zilikuwa juu yake. Alitumia sehemu ya muda huo kuwatembelea wanajeshi waliolazwa katika hospitali za kivita, kuanzia visiwa vya kaskazini karibu na Alaska mpaka Pasifiki ya Kusini, na huko Fiji akaugua nimonia. Kila wiki iliyopita watazamaji wangeweza kumsahau. Aliliweza hilo kwa sababu alikuwa na akiba, alikuwa na jina, na alikuwa na wakili aliyeamini kwamba sheria iko upande wake. Ukiondoa kimojawapo kati ya hivyo vitatu, sidhani kama kesi ingefika rufaa.

Baada ya kufunguliwa alichagua kazi zake mwenyewe, na matokeo yanajieleza. Filamu ya To Each His Own ya mwaka 1946 ilimpa Oscar ya kwanza. Mwaka 1948 aliigiza mwanamke aliyelazwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili, uhusika ambao zamani usingemfikia, akateuliwa tena. The Heiress ya mwaka 1949 ikamletea Oscar ya pili. Katika miaka ya 1950 alihamia Paris, mwaka 1965 akawa mwanamke wa kwanza kuongoza jopo la waamuzi wa tamasha la filamu la Cannes, Ufaransa, na alifariki dunia tarehe 26 Julai 2020, akiwa na miaka 104. Hukumu yenyewe bado inafanya kazi. Wanamuziki wa California wameitumia dhidi ya kampuni za kurekodi, ingawa mwaka 1987 kampuni hizo zilifanikiwa kuongezewa katika sheria nafasi ya kudai fidia kwa albamu ambazo msanii hakuzikamilisha. Kwa mara nyingine, penye ukomo wa muda, mwenye fedha alitafuta upenyo wa kuupunguza nguvu.

Sasa nieleze kwa nini nimeufikisha mjadala huu Mtwara. Binti mmoja wa Mikindani, ambaye sitamtaja wala kutaja yatakayomtambulisha, alianzia katika kikundi cha ngoma na maigizo kinachozunguka vijijini kutoa elimu ya afya, kisha akaanza kurekodi vichekesho vifupi kwa simu pamoja na wenzake. Vikasambaa. Mtayarishaji mmoja wa Dar es Salaam akampigia, akamsifu, na baada ya muda akamtumia mkataba. Familia iliniomba niusome pamoja nao kwa sababu nimewahi kuwafundisha vijana wa kikundi hicho. Tulikaa barazani, binti, mama yake, mimi na mjomba wake, mkulima wa korosho aliyekuja mjini kwa ajili ya jambo hilo tu, maana kwa desturi ya Kimakonde mtoto ni wa ukoo wa mama na kauli ya mjomba katika jambo kubwa la mpwa wake haipitwi.

Mkataba ulikuwa wa miaka mitano. Ulimzuia binti kuonekana katika kazi yoyote isiyo ya mtayarishaji huyo, iwe filamu, tamthilia ya televisheni, tangazo au picha ya mtandaoni. Haukusema atapewa kazi ngapi kwa mwaka. Na katika ukurasa wa tatu, kati ya kifungu cha nidhamu na kifungu cha mavazi, kulikuwa na maneno haya: "Iwapo msanii atakataa kazi aliyopangiwa, ataugua, atapata ujauzito au kwa sababu nyingine yoyote hatapatikana, muda huo hautahesabiwa, na mkataba utasogezwa mbele kwa kiasi hicho." Ni kifungu kilekile cha Hollywood ya mwaka 1936, tena kimeongezewa ugonjwa na uzazi. Mama alilisoma neno ujauzito mara mbili na kunyamaza. Mjomba aliziweka karatasi mkekani, akaniambia, "Mwalimu, pa kuingilia nimepaona. Pa kutokea sijapaona."

Sijapata mwanasheria aliyeuchambua mkataba ule vizuri kuliko mzee yule. Binti aliona miaka mitano na akahesabu kwamba atatoka akiwa na miaka 26. Mjomba aliona kwamba namba tano haina maana yoyote ikiwa upande mmoja unaweza kuisimamisha saa na kuiwasha upendavyo. Mtayarishaji angeweza kumpangia binti filamu moja ya kumdhalilisha, akaikataa, na kuanzia siku hiyo muda ukasimama, huku katazo la kufanya kazi na wengine likiendelea kumbana. Mkulima wa Tandahimba akipeleka korosho ghalani hupewa stakabadhi yenye uzito na tarehe, na hakuna mnunuzi anayeruhusiwa kumwambia kwamba kilo hizo zitaanza kuhesabiwa siku yeye atakapojisikia. Mjomba alikuwa anadai kwa mpwa wake kile ambacho yeye hukidai kila msimu.

Niliwaeleza kisa cha Olivia siku hiyohiyo, na swali la kwanza la binti lilikuwa la busara. Je, sheria ile inaweza kumsaidia? Jibu ni hapana. Kifungu cha 2855 ni cha jimbo la California. Hakivuki hata kwenda New York, sembuse kufika huku. Kwetu msingi ni Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inayotaka makubaliano yafanywe kwa hiari na watu wenye uwezo wa kisheria, yaani, pamoja na masharti mengine, waliotimiza miaka 18, na inayobatilisha makubaliano ya kumzuia mtu kufanya shughuli yake halali. Kinga hiyo ya mwisho ina thamani, lakini inamsaidia zaidi mtu anayeweza kuonyesha wazi mkataba wake umekwisha lini. Ipo pia Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, inayomtambua mwigizaji kuwa na haki zake juu ya onyesho alilolifanya, na COSOTA, taasisi ya hakimiliki ya Tanzania, ndicho chombo kinachohusika nayo. Kazi ya Bodi ya Filamu ni kusimamia filamu zenyewe na maonyesho ya kuigiza, na kijana asitegemee kwamba kibali cha bodi kwa filamu kimeukagua mkataba wake.

Kwa hiyo kile ambacho Olivia alikipata kwa hukumu, binti wa kusini inabidi akipate kwa kalamu, kabla ya kutia saini. Nasisitiza neno kabla kwa sababu ya ile miaka miwili ya kukaa nje. Olivia aliweza kugombea baada ya kufungwa kwa kuwa alikuwa na akiba na jina. Binti wa Mikindani ambaye jina lake lina umri wa msimu mmoja hawezi kusubiri rufaa. Kesi ya madai ikifunguliwa Dar es Salaam, kila tarehe ya kutajwa ni nauli ya basi kupitia Lindi, Nangurukuru na Kibiti, ni kulala kwa ndugu, ni siku za kazi zilizopotea, na katika muda wote huo watayarishaji wengine watamwogopa kama Hollywood ilivyomwogopa Olivia. Hawatahitaji hata kuandikiwa barua, kwani ujumbe mmoja katika kundi la simu unatosha.

Kuna waliopinga, na hoja yao si ya kupuuzwa. Mwongozaji mmoja wa hapa mjini, mtu ninayemheshimu, aliniambia kwamba mtayarishaji anayemtoa msanii asiyejulikana anaweka fedha zake hatarini. Anamlipia nauli, malazi, mavazi na matangazo, na kama msanii anaweza kususa filamu na bado siku zake zikahesabiwa, mtayarishaji amebaki na nini? Nakubali kwamba hasara hiyo ipo. Lakini dawa yake si kuurefusha mkataba bila kikomo. Msanii akikataa kazi bila sababu ya msingi, asilipwe kwa kazi hiyo, na gharama zilizokwisha kutumika kwa ajili yake, zenye risiti, zikatwe katika malipo yake yajayo kwa kiwango kilichoandikwa. Hayo ni madai ya fedha, na fedha hulipika zikaisha. Mahakama ya California haikusema mwigizaji asiwajibike kwa kuvunja ahadi. Ilikataa tu muda wa maisha yake ugeuzwe kuwa sarafu ya kulipia.

Tuliandika barua kwa heshima. Tuliomba tarehe ya mwisho itajwe kwa siku, mwezi na mwaka, na isemwe kwamba haitasogezwa kwa sababu yoyote isipokuwa kwa mkataba mpya uliosainiwa na pande zote mbili. Tuliomba ugonjwa na ujauzito viondolewe kabisa katika kifungu kile. Tuliomba kwamba miezi mitatu mfululizo ikipita bila binti kupangiwa kazi yenye malipo, awe huru kufanya kazi na wengine mpaka atakapoitwa tena kwa taarifa ya maandishi. Mtayarishaji alipiga simu akiwa amekasirika, akamwambia mama kwamba binti wapo wengi. Mama alimjibu, "Ni kweli baba, wapo wengi, ila huyu ndiye uliyemfuata," akamuaga kwa adabu. Mazungumzo yalipoanza tena, miaka mitano ilishuka kuwa miwili, tarehe ya mwisho ikaandikwa, maneno ya ugonjwa na ujauzito yakafutwa, na ule muda wa miezi mitatu ukakubaliwa. Nakala moja iliyosainiwa iko kwa mjomba.

Jambo moja halijafikiwa mwafaka, nalo ni la vile vichekesho vya mwanzo vilivyorekodiwa kwa simu kabla mtayarishaji hajamfahamu binti. Anataka viingizwe katika mali ya kampuni yake, kwa maelezo kwamba anamchukua msanii pamoja na kazi zake. Msimamo wa familia, nami nauunga mkono, ni kwamba kazi hizo zina wenyewe. Vijana wanne walishiriki, mmoja wao ndiye aliyeandika visa na mwingine ndiye mwenye simu na ukurasa wa mtandaoni, na binti peke yake hana mamlaka ya kuviuza hata kama angetaka. Tumependekeza kifungu hicho kitolewe katika mkataba wa binti, na mtayarishaji akivitaka vichekesho hivyo, azungumze na wote wanne kwa makubaliano mengine yenye bei yake na tarehe yake.